Seva Mbili na Vitambaa vya Asma

Jumatatu, tarehe 13 Mei
Furaha tupu! Mama Mukabalisa, mkurugenzi wetu, ametangaza kwamba Ijumaa, wafadhili wakishaiona ofisi, atamchagua chef wa informatique, mkubwa wa kompyuta zote za ofisi. Ni mimi au Guylain. Guylain ana diploma. Mimi nina mawazo! Hapa imprimante zote, zile mashini za kuchapa karatasi, zinategemea seva moja tu. Ikigoma, ofisi nzima inasimama kwenye korido na kunitazama vibaya. Sasa nitaweka seva mbili: moja ikizima, nyingine inapokea kazi papo hapo. Nimekwisha kujiona kwenye kile kiti kinachozunguka.

Jumanne, 14
Nimepata kompyuta ya zamani kwa Jumaine, fundi wa Mabanga. Inakohoa ikiwaka, lakini inawaka! Mbele ya watu wote nikachomoa waya wa seva ya kwanza. Kimya. Halafu krrr, karatasi ikatoka kupitia ya pili! Mama Rosette wa comptabilité, anayeshika hesabu za ofisi, akapiga vigelegele, akasema mimi ni mutu wa maana sana. Guylain alipiga makofi kwa vidole viwili.

Jumatano, 15
Vumbi la Goma halina adabu. Nyumbani televisheni yetu inavaa kitambaa, tena cha maua. Je, mashini zinazobeba ofisi nzima zikae uchi mbele ya wafadhili? Aibu! Mke wangu Asma amefuma viwili, vyeupe, vinafika hadi chini. Nimezifunika mbele na nyuma. Guylain akaniambia, “Papa Twahiru, mashini inapashwa kupumua.” Wivu mtupu! Toka lini chuma kikawa na mapafu?

Alhamisi, 16
Nimegusa seva ya kwanza. Moto kama sufuria ya bugali! Ishara nzuri, inafanya kazi kwa bidii. Nimefunga na dirisha, vumbi lisiingie.

Ijumaa, 17
Wafadhili wamefika. Mama Mukabalisa akaagiza ripoti ichapwe. Katikati, seva ya kwanza ikazima. Ya pili ikapokea papo hapo! Nikaruka, nikawaambia wageni watazame, hii ndiyo akili! Nikainama kama mwanamuziki jukwaani. Nilipoinuka, ya pili nayo imekufa.
Wageni waliondoka na ripoti inayoishia “Kwa hiyo tunaomba”. Guylain akafunua vitambaa, akawasha feni, akasubiri. Zote mbili zikaamka. Akapewa cheo palepale. Mama Mukabalisa akaniambia nirudishe vitambaa nyumbani, kwa upole uliouma kuliko tusi. Nimelia kidogo chooni.

Jumamosi, 18
Nimeelewa kosa! Seva mbili ni chache. Zinatakiwa tatu! Jumaine anayo nyingine. Ila chef lazima akubali kwanza, kwa hiyo nitamlainisha Guylain: Asma anamfumia zawadi, kitambaa cha kompyuta yake mpya. Vile vya kwanza vilikuwa vyepesi mno. Nimemwambia akaze uzi, asiache hata tundu moja.