Malalamiko Kuhusu Kaka Yangu Refugio na Milima Isiyo na Faida

Bi. Eulalia Bustamante,
Tucson, Arizona.

Kwa Bwana Norbert Haldeman,
Mwenyekiti, Chama cha Wapanda Vilele vya Jangwani.

Bwana Mwenyekiti,

Pokea heshima zangu zote unazostahili, ambazo kwa wiki hii ni chache. Mimi ni dada mkubwa wa Refugio Bustamante, mnayemwita Cuco kana kwamba mlimnyonyesha ninyi. Nakuandikia kwa upole kukuomba umfukuze chamani. Sababu zangu ni hizi.

1. Marehemu baba yetu alichimba shaba katika milima hiyohiyo mnayoichezea. Siku aliyostaafu alitutazama wanawe akasema, "Haya, sisi na mawe basi." Kwa akili ya kawaida, mtu hupanda mlima kwa kuwa mbuzi wake amepotea au polisi wanamkimbiza. Ninyi mnapanda, mnakula mkate wenye jibini, mnashuka. Nilimuuliza Refugio, "Mmeleta nini?" Akanijibu, "Mandhari, dada." Nimepika miaka mingi, Bwana Haldeman. Mandhari haiungwi kwa pilipili.

2. Kila Jumamosi kaka huondoka nanyi, na Jumapili hurudi amechanwachanwa kama aliyegombana na paka, na misa imempita. Nilimshitaki kwa padre. Padre, ambaye tangu hapo namshuku kuwa mwanachama wenu wa siri, akasema, "Mama Eulalia, hata Musa alipanda mlima." Nikamwambia, "Padre, Musa alishuka na amri za Mungu. Refugio anashuka na miiba."

3. Mnamcheka. Yaani mnacheka anaposema mambo ya kuchekesha. Yule daktari wa meno wenu, Bi. Priscilla, hucheka mpaka anajishika mbavu. Utani wa Refugio naujua tangu akiwa na meno ya utoto, na nakuhakikishia hauchekeshi. Mnampotosha mzee wa watu.

4. Sasa nafika kwenye Jumamosi iliyopita. Siku hiyo ilikuwa misa ya kutimiza mwaka tangu mkewe Amparo afariki. Kanisa limejaa, tamale za unga wa mahindi nimezifunga mwenyewe, mgane hayupo. Watu wananiuliza, "Cuco yuko wapi?" Nikawaambia anaumwa, mbele ya altare, dhambi ambayo naiandika kwa jina lako.

Nikapanda gari nikamfuata. Mliyaacha magari yenu chini ya kile kilima kilichovimba mnachokiita Nundu, nikakwea kwa viatu vyangu vya kanisani. Sikufika mbali. Ule mpungate unaomrukia mtu ukaning'ang'ania mguuni, na kelele zangu zikawarudisha nyote mbio. Wewe mwenyewe ulitoa kitana mfukoni ukaniondolea miiba, huku ukisema, "Tulia, mama, ukicheza unaumia zaidi." Mtu mwenye kitana lakini hana nywele! Nilishukuru kwa kuwa nimelelewa vizuri, basi.

Nikamgeukia kaka. "Refugio, twende. Watu wanakungoja wakupe pole."

Akasema, "Ndiyo maana siendi, dada. Kule mwaka mzima nimepewa pole. Huku wananiambia, 'Sogea, Cuco, umeziba njia.'"

"Na Amparo je?"

"Amparo alikuwa akilala sala ikianza. Unajua."

Najua. Lakini hayo si ya kusemwa mbele ya daktari wa meno.

5. Hili ndilo kubwa, na kwa hili ningekushitaki kama kungekuwa na mahakama yake. Mliniketisha kivulini, mkanipa chungwa, mkaendelea. Nikawaona mkifika juu. Nikamwona kaka yangu akivua kofia, akikaa juu ya jiwe, mabega yakianza kutikisika. Mtu huyu hakulia hospitali. Hakulia makaburini. Mwaka mzima nimetembea na vitambaa vilivyopigwa pasi ndani ya mkoba wangu, tayari kwa siku hiyo, na siku hiyo ilipokuja nilikuwa chini nikimenya chungwa, na Bi. Priscilla akampa kitambaa chake, tena kilichokunjamana! Machozi yale yalikuwa mali ya familia, Bwana Mwenyekiti. Mmeyachukua bila idhini.

Kwa hiyo naomba: Refugio afutwe. Chama kivunjwe. Serikali iizungushie uzio milima yote ya jimbo hili, na ile Nundu isawazishwe kabisa, ili mtu akitaka kulia alilie nyumbani kwa dada yake, kwenye kiti, na chakula kikiwa tayari.

Wasalimie wanachama wote, pamoja na yule bwana aliyenibebea mkoba tukishuka. Bi. Priscilla naye msalimie, lakini kwa ufupi.

Ni mimi niliyekosewa,
Eulalia Bustamante.

N.B. Barua ilikuwa tayari kwenye bahasha. Asubuhi hii nimemwita kaka nikamweleza nilichokuandikia. Nilijiandaa kwa vita. Nilifunga hata madirisha majirani wasisikie. Akamaliza kahawa yake akasema, "Sawa, dada. Kama hutaki, siendi tena." Akaosha kikombe, akaondoka.

Bwana Haldeman, tangu azaliwe kaka huyu hajawahi kunikubalia neno. Nikisema mvua inanyesha, hutoka nje kuhakikisha. Hiyo "sawa" yake imenikaa kooni tangu asubuhi na haishuki.

Usimfute. Jumamosi nitamleta mwenyewe kwa gari langu. Na asiponibishia kuhusu njia ya kupita, tafadhali mpandishe mlima mrefu kuliko Nundu.