Singo ya Mwende

Wenzangu wa karakana, leo nimeadhirika. Mtaa mzima wa Muyeye umeshajua, kwa hivyo bora na nyinyi msikie kutoka kwangu.

Mnamjua binti yangu Mwende, wa kidato cha pili. Jumamosi ni siku ya wazazi shuleni, na yeye ndiye aliyechaguliwa kusoma shairi mbele ya wageni. Nyumba yangu imekuwa shairi asubuhi, shairi jioni. Sasa wiki hii uso umemjaa chunusi: kipaji, kidevu, mpaka puani. Jana akafunga mlango. "Baba, siendi. Wamtafute mwingine." Leo hata shule hakwenda. Mamake yuko Kitui anamuuguza nyanya. Nimebaki mimi, fundi wa friji. (Friji ikiota kutu, naikwangua na kupaka rangi. Mtoto je?)

Asubuhi nimempaka dawa ya meno. Akalia zaidi.

Basi nikaenda kwa Bi Zena, yule mama anayeuza viungo na marashi.

"Shikamoo, Bi Zena. Nataka kitu cha kung'arisha uso wa binti yangu. Jumamosi watu watakuwa wanamtazama yeye tu."

Macho yakamtoka. "Marahaba! Jumamosi hii? Mbona mumefanya siri?"

"Ni mambo ya ghafla."

"Na yuko ndani?"

"Amejifungia. Hataki kuonekana na mtu."

"Mashallah! Ndivyo itakiwavyo. Asitoke mpaka siku yenyewe."

(Nikajiambia, kumbe chunusi za Pwani zina masharti.) Akanipa unga aliouita singo, una liwa, karafuu na manjano, na chupa ya marashi juu yake. Apake uso, mikono, hata miguu, akaniambia. Nilipogeuka kwenda zangu akapiga kigelegele. Nikatazama nyuma nione nani ana furaha. Hapakuwa na mtu ila mimi.

Nikaukoroga ule unga kwa mikono yangu miwili, Mwende akajipaka mwili wote kama tulivyoagizwa. Akawa wa manjano kama embe.

Alasiri nikasikia hodi. Ni wanawake wa mtaani, Mama Kadzo jirani yangu yuko mbele na sinia la mahamri.

"Hongera, Baba Mwende! Umekuza!"

Nikashukuru. (Nimekuza nini, chunusi?) Wakaingia, wakaketi, wakaanza kuimba. Nikaduwaa. Kwetu Kitui chunusi hazina nyimbo. Nikaona, aa, watu hawa wana upendo, acha tu waimbe.

Mara akatokea mwalimu mkuu wa akina Mwende, jasho linamtiririka.

"Baba Mwende, huna haya? Mtoto mdogo vile!"

Nikampa kiti. "Mwalimu, usijali, ni umri tu. Hata mamake alianza mapema."

"Na wewe unaona sawa?"

"Sasa nifanyeje? Hata mimi yalinipata. Yakaisha yenyewe."

"Yakaisha?" Akasimama tena. "Nakwenda kwa chifu sasa hivi. Mwanafunzi wangu haozwi!"

"Kwani nani anaozwa?"

Nyimbo zikakatika. Bi Zena, naye alikuwamo, akasogea taratibu. "Baba wewe. Hapa kwetu msichana akipakwa singo na kuwekwa ndani, ni bibi arusi. Sisi tumeshachagua wapishi."

"Lahaula! Mimi nilitaka dawa ya chunusi!"

Mlango wa chumbani ukafunguka. Mwende huyo, manjano kuanzia kipaji hadi vidole vya miguu.

"Naolewa? Na nani?"

Wote wakanigeukia mimi, kama kwamba ninamjua.

Wa kwanza kucheka alikuwa Mwende. Alicheka mpaka akaketi sakafuni, na mimi, wallahi, nikacheka naye, maana wiki nzima sikuwa nimeisikia sauti hiyo. Mwalimu alipokwisha kupangusa machozi ya kicheko akamwambia aoshe uso kwa sabuni na maji asubuhi na jioni, asizitumbue, na dawa ya meno aniachie mimi nipigie mswaki. Zitapungua polepole.

"Lakini Jumamosi nakutaka pale mbele, na chunusi zako zote."

"Mwalimu," akasema Mwende, "mtaa mzima umeshaniona hivi. Wageni watanifanya nini?"

Akatoka uani kuwagawia watu mahamri, uso wazi.

Sasa ni mikono yangu. Nimeisugua kwa sabuni, kwa mchanga, hata kwa petroli. Bado manjano. Kesho siji kazini. Karatasi hii atawaletea Mwende mwenyewe akienda shule, na nawaomba msimcheke, amevumilia mengi wiki hii. Mkiulizwa niko wapi, semeni aliyejifungia chumbani sasa ni baba.