Mrudisheni Kerubo Wetu Kwenye Uuguzi

Grand Prairie, Texas,
2 Mei 2004.

Kwa Bwana Mkuu wa Chuo,
Chuo Kikuu (jina mnalijua wenyewe),
Uingereza.

Bwana Mkuu,

MINT: KUTOROSHWA KWA BINTI YANGU KUTOKA UUGUZI

Pokea salamu za heshima kutoka kwa mtu usiyemjua lakini uliyemkosea. Mimi ni Elkana Ondieki, mzaliwa wa Nyamira, Kenya. Hapa Grand Prairie mimi ni msaidizi wa wauguzi katika nyumba ya kulelea wazee. Mke wangu ni muuguzi. Shemeji zangu watatu ni wauguzi. Katika Texas hii Mkenya hakuulizi mtoto wako anasomea nini, anakuuliza tu atamaliza lini.

Naandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Nasikia kumbukumbu zenu za kale ziko kwa Kilatini, na hakuna aliyejiuliza Mkisii atazisomaje. Tafuteni mkalimani, kama tunavyofanya sisi.

Kisa chenyewe ni kifupi. Binti yangu Kerubo yuko chuo kikuu huko Houston, na sote tulijua anasomea uuguzi. Wiki tatu zilizopita alinipigia simu akasema, "Dad, usi-panic. Nili-change major two years ago. Nina-graduate na history." Nikatafuta kiti. Akaendelea kwamba ameandika utafiti juu ya chuo chenu, mambo ya miaka mia nne, mia tano iliyopita, na kwamba mmempa nafasi aje kwenu mwezi wa kumi kuendelea na mambo hayo hayo. Kwa hiyo nawasilisha malalamiko yangu kwa utaratibu.

1. Hamkutulia. Mfalme aligombana na Papa, mkaapa kumfuata mfalme. Mwanawe akaja, mkavunja madhabahu za mawe mkaweka meza. Dada yake akaja, mkatoa meza mkajenga madhabahu. Dada wa pili akaja, meza ikarudi. Yote hayo ndani ya miaka isiyofika thelathini, na wengine ni walimu walewale na majoho yaleyale. Mngetulia kidogo, kusingekuwa na kitu cha kuandika, na mtoto wangu angekuwa nesi. Uuguzi hauna mambo hayo. Mgonjwa wa kitandani hugeuzwa kila baada ya saa mbili, atawale nani asitawale nani.

2. Mlimfukua profesa. Alikuwa amekufa miaka sita, mkamshtaki kwa imani potofu na kumwita mbele ya tume ajitetee. Hakuja. Mkamchoma sokoni pamoja na jeneza lake na vitabu. Miaka mitatu baadaye serikali ikageuka, mkafanya sherehe kubwa na kumrudishia shahada zake kwa heshima zote. Simcheki mtu kwa desturi zake, lakini hapa ndipo ninapowakamata. Ikiwa majivu yaliweza kurudishiwa shahada, mtoto mwenye afya na meno yote anashindikanaje kurudishwa kwenye uuguzi? Utaratibu mnao. Hata fomu lazima zipo.

3. Mmehatarisha afya ya watu. Tuna ushirika wa kanisa wa wasemao Kiswahili, Wakongo na Wakenya, tunaokutana Haltom City. Kwa miaka miwili wote walikuwa wakimpigia Kerubo simu kuhusu magonjwa yao, na mtoto aliona haya kuwaambia ukweli. Mwezi wa pili Mzee Déo, anayefanya kazi ya ghala, alishikwa na homa ya mafua. Kerubo akamjibu kwa yale aliyosoma kuhusu tauni ya chuoni kwenu: funga lango, usipokee mgeni, chakula kiachwe nje, choma majani yenye harufu. Mzee Déo akajifungia siku kumi na nne, akachoma rozmari mlangoni mpaka king'ora cha moshi kikalia na wazima moto wakaja na magari mawili. Alipona. Sasa anatangaza kila mahali, "Docteur wa kweli ni Kerubo. Wengine wanatafutaka tu signature yako ku makaratasi." Nitamwambiaje kwamba alitibiwa na karne ya kumi na sita?

4. Magauni. Mahafali ni Ijumaa tarehe 14. Kwetu, mtoto wa mmoja akihitimu, ushirika mzima huvaa sare na kumfuata. Mama Matumaini, fundi wetu, ameshashona magauni ishirini na mawili na mashati tisa ya kitenge, na kifuani yametariziwa KERUBO WETU NESI. Nilimweleza habari polepole, kama anavyoelezwa mfiwa. Akaninyooshea sindano. "Baba Kerubo, ile pagne nilishakata. Haiwezi rudia ku magasin." Yaani kitenge kikishakatwa, duka halikipokei tena. Sasa watu thelathini na mmoja waende Houston wamevaa uongo uliotariziwa vizuri?

5. Tobias. Utafiti wenyewe haumhusu mfalme wala askofu. Unamhusu mtunza stoo wa chuo chenu, Tobias fulani. Karibu miaka mia baada ya meza zile, mfalme mwingine alipopigana na bunge, vyombo vya fedha vya chuo vikakusanywa viyeyushwe kwa ajili ya vita. Tobias akaficha kikombe kimoja ndani ya pipa la unga. Watu wa bunge wakaja kufukuza wasioapa, akaapa, akabaki. Jamhuri ikaja na kiapo chake, akaapa. Mfalme mpya akarudi; akaapa. Kisha akatoa kikombe kwenye unga, akakipangusa, akakiweka mezani. Kerubo ananiambia, "Dad, he's so you." Bwana Mkuu, ni kweli nimekuwa katibu wa ushirika chini ya wachungaji wanne waliofukuzana, na kila aliyeingia alinikuta upande wake. Lakini nani mwingine angetunza ufunguo wa ukumbi? Hayo ni mambo ya nyumbani, si ya kupelekwa kwa maprofesa.

6. Mmenitenganisha na mwanangu. Tangu simu ile, akipiga nampa mama yake. Ameuliza kama nitakuja Houston, na sijamjibu. Nina hasira, na hasira zenyewe zinaniumiza mimi. Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Huyu nyumbani kwangu alichezea mashine ya presha kabla ya mwanasesere. Basi ni nani aliyemlea akawa hivi? Ni nyinyi.

Kwa hiyo naomba muondoe nafasi mliyompa. Pia mwandike barua yenye mhuri kwamba mambo yale yote yalikuwa madogo, yamekwisha, na mnayaonea aibu. Mkishindwa na hayo, fungueni shule ya uuguzi kabla ya mwezi wa kumi, ili akija kwenu awe amekuja kwa jambo la maana, na magauni yaokoke.

Nisalimieni walimu wote, wa meza na wa madhabahu, wapishi, mlinzi wa lango, na profesa yule popote yalipoangukia majivu yake. Mama Kerubo angewasalimu pia kama angejua naandika.

Ni mimi niliyekosewa,
Elkana Ondieki,
Katibu wa Ushirika.

Baada ya sahihi: Barua hii imekaa ndani ya gari siku tatu kwa kukosa stempu. Jana Kerubo alipiga wakati mama yake yuko kazini, ikabidi nishike simu. Nikamwuliza kwa ukali habari za chuo chenu alizisikia wapi kwanza. Akasema, "Si ni wewe, Dad? Kwa gari."

Bwana Mkuu, kabla ya Texas nilifundisha historia miaka kumi na moja, sekondari, huko Nyamira. Tulipofika hapa alikuwa na miaka kumi. Nilikuwa nikimpeleka shule asubuhi nikitoka kazini, macho yanafumba, na ili nisisinzie kwenye usukani nilimsimulia habari ya profesa aliyefukuliwa. Tukifika shuleni hakutaka kushuka mpaka profesa achomwe na kurudishiwa shahada zake. Mimi nilikuwa nimesahau yote hayo.

Lalamiko la kwanza mpaka la tano nayafuta. La sita naomba mlirudishe kwangu, maana mshtakiwa nimempata. Nafasi yake msiiguse. Niambieni baridi ya mwezi wa kumi huko inataka koti la namna gani, na kikombe cha Tobias, kama bado kipo, mwacheni akishike. Ijumaa ya mahafali tunakwenda Houston, wote thelathini na mmoja. Mama Matumaini anafumua nyuzi tangu jana, na shati langu ndilo alilolianza. Kifuani limebaki na KERUBO WETU.