Nerys Sabuni na Mlango wa Mbele

Jumatatu mvua iliwabana wazee wa kijiji ndani ya mgahawa wa Megan. Gwilym Posta akafunua gazeti la wilaya, akapiga meza kwa kiganja.

"Sikieni, jamani! Chuo kikuu kinawaalika wote waliowahi kutumika kwenye jumba la Plas Brithwen. Chai na keki, Jumamosi!"

"Hayo ndiyo maneno," alidakia Emrys Mkate. Tanuri lake lilizimika zamani, ila jina halikuzimika. Kijijini kwao mtu huzikwa na jina la kazi yake. "Nami nimo."

"Wewe ulitumika lini pale?" Gwilym aliuliza.

"Si nilipeleka mikate?"

"Ulipeleka mara moja, ukarudishwa mbio na mbwa!"

Walipomaliza kucheka, wakamgeukia Nerys Sabuni. Kabla jumba lile halijawa la wasomi, alifua mashuka ya wenyewe miaka sita, tangu ana miaka kumi na mitano. Sasa ana sabini na minane.

"Soma mpaka chini," alisema.

Gwilym akakohoa. "'Wageni wataingilia mlango wa nyuma.'"

Nerys akasukuma kikombe pembeni. "Siendi."

"Dada, mtaka cha mvunguni sharti ainame."

"Nimeinama miaka sita, Gwilym, mgongo unauma mpaka leo. Siku ya kwanza niligonga mlango wa mbele. Bibie akaniangalia kama tope la kiatu, akaninyooshea kidole: uani! Sikuugusa tena."

"Mlango ni mlango," Emrys alisema. "Keki si ileile?"

"Wewe tumbo lako halijui mbele wala nyuma."

Akaomba simu ya Megan, akapiga namba ya gazetini, wote wakasogeza masikio. Alipokea binti mpole.

"Samahani sana, bibi. Mlango wa mbele hufunguliwa siku ya mahafali tu, kwa wahitimu. Ndiyo mila."

"Imekula kwako," Emrys alinong'ona.

Nerys akamkata jicho. "Binti, kozi yenu fupi kuliko zote ni ipi?"

Gwilym alipaliwa na chai.

"Ipo... ya mwaka mmoja. Cheti cha historia ya majumba ya kale. Wahitimu wake nao hupita mlango huohuo."

"Niandike. Nerys Pritchard."

"Umechanganyikiwa!" Emrys alimaka. "Mwakani utakuwa na sabini na tisa!"

"Na wewe utakuwa umekaa hapohapo. Binti, darasa liko wapi?"

Sauti ikasita. "Uani, bibi. Kile kilichokuwa chumba cha kufulia."

Megan aliacha kufuta meza. Nerys aliuona tena akilini mvuke wa maji ya kufulia, akayaona mashuka mazito na vidole vilivyopasuka, na msimamizi akizunguka kuhakikisha hakuna msichana anayeegemea hata ukuta. Halafu kicheko kikamtoka, kikubwa, mpaka akashika ubavu.

"Mna viti mle ndani?"

"Vipo, bibi. Vizuri tu."

"Niwekee kimoja, mwanangu, chenye mto. Miaka sita nilikuwa mle, sikukaa hata dakika moja."