Mvuke wa Kunifikisha Muheza

Jumatano, 1 Julai 1953

Barua kutoka Mwanza. Karani wa wenye mgodi anaandika kwamba Mgiriki mmoja mwenye shamba la katani huko Muheza anaitaka Injini Nambari 3. Atakuja kuiona Jumamosi tarehe 25, saa tisa alasiri. Ikitembea kwa mvuke wake hatua mia mbili mbele ya macho yake, ataichukua, pamoja na mtu mmoja: yule atakayeiendesha. Isipotembea, Bwana Zulfikar wa duka la Rwamgasa ataikata vipande Jumatatu yake, iwe chuma chakavu.

Nimeisoma mara nne. Muheza! Nilitoka Muheza mwaka 1916, nikiwa mchochea moto wa gari moshi dogo la kubebea magogo. Wadachi waliokuwa wakirudi nyuma walinitwika sanduku la risasi, wakasema ni kwa wiki mbili. Miaka thelathini na saba.

Safari nimekwisha ipanga. Lori na kivuko hadi Mwanza, behewa hadi Dar es Salaam, meli hadi Tanga. Imebaki injini kutembea. Mgodi umefungwa miaka minne. Injini imetoka kwenye reli, imezama udongoni hadi nusu ya magurudumu, na mgunga umeota katikati. Mimi ndiye mlinzi wake. Kati ya hapa na Ziwa hakuna mtu mwingine anayejua gari moshi.

Ila Bartholomeo. Fundi wa pampu, Mhaya, umri miaka ishirini na minane. Ana cheti. Cheti amekitia fremu.

Ijumaa, 3 Julai

Nimefungua mlango wa tanuri. Kuku! Amelalia mayai kumi na moja juu ya vyuma vya kuwekea kuni. Ni wa jirani yangu, Mama Sikujua. Nikamtaka amhamishe. Akaniuliza kama mimi ningekubali kuhamishwa siku za kujifungua. Nikamweleza kwa upole kwamba hii ni injini iliyoundwa Berlin mwaka 1911. Akasema kuku hajui Berlin.

Vifaranga wanatazamiwa tarehe tisa. Nimeanza na kazi za nje: kukata mgunga, kufukua magurudumu, kusugua kutu. Vumbi la Julai limenijaa masikioni. Muheza mwezi huu kuna manyunyu, na asubuhi njia zote zina harufu ya majani yaliyolowa. Nadhani bado zina harufu hiyo.

Jumanne, 7 Julai

Nimepiga hesabu. Injini ina uzito wa tani saba. Ili kuirudisha kwenye reli nahitaji wanaume arobaini, magogo na kamba. Nilicho nacho ni mimi mwenyewe na mgongo mbovu.

Lakini akili ninayo! Mavuno yamekwisha, na watu wote hapa sasa wanafikiria ngoma tu. Wachezaji wa Bagika na wa Bagalu wataingia uwanja mmoja, siku moja, kila kundi upande wake. Anayevuta watazamaji wengi ndiye mshindi. Kwa hiyo kila ningi, ndivyo Wasukuma wanavyomwita kiongozi na mtunzi wa nyimbo, huumiza kichwa atafute ajabu. Mwaka jana Makoye, ningi wa Bagika, alitengeneza fisi wa mti anayefungua kinywa. Bagalu wakaleta mtu anayetembea kwa miguu ya mti mirefu kama twiga. Watazamaji wakahama, fisi akabaki amefungua kinywa mbele ya mbwa wawili. Makoye hajapona.

Nilimkuta akishona njuga. Nikamwambia habari za honi ya gari moshi. Sauti inayofika Rwamgasa. Ilie wakati yeye anainua usinga! Akaweka njuga chini. Kisha akaniita guku, yaani babu, akaniuliza kama mimi ni mganga. Nikasema mimi ni mchochea moto. Akasema ni kitu kilekile.

Wanaume arobaini, Jumapili.

Jumapili, 12 Julai

Walikuja hamsini na watatu! Waliimba, wakavuta, wakaimba tena, na saa sita kamili Nambari 3 ikakaa kwenye reli. Nilisema vumbi limeniingia machoni.

Bartholomeo akapita na baiskeli. Shikamoo mzee. Marahaba. Akazunguka injini mikono nyuma kama daktari wa ng'ombe, akasema mabomba matano ndani ya boila yanavuja, anacho chombo cha kuyabana, niseme tu. Nikamjibu kwamba sisi wa zamani tuliziba mabomba kwa vigingi vya mpingo, na treni zilifika. Akasema sawa mzee. Nachukia anavyosema sawa.

Alhamisi, 16 Julai

Vifaranga kumi. Wamehama na mama yao. Tanuri ni langu.

Shida sasa ni maji. Nambari 3 inakunywa madebe sitini, na kijito kiko mwendo wa nusu saa. Watu wa Makoye wanasema wao waliahidi kuvuta, hawakuahidi kuteka. Wenye kuteka ni wanawake wa Mama Sikujua. Na Mama Sikujua ni wa Bagalu. Mumewe ndiye ningi wao, ila kila mtu anajua nani anaamua.

Nikafikiri kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Kisha nikamwendea na habari za honi.

Akanitaka niape kwamba itawalilia Bagalu. Nikaapa. Nayo itawalilia. Hakuniuliza kama itamlilia mwingine.

Jumatatu, 20 Julai

Siku mbaya. Asubuhi niliwasha moto wa kujaribu. Vigingi viwili kati ya vitano viliruka kama vizibo vya chupa, moto ukazimika, nikawa mweupe kwa majivu. Nikaenda kukiazima kile chombo cha Bartholomeo. Hakuwepo, kwa hiyo niliazima dirishani. Akanikuta mguu mmoja ndani, mmoja nje. Shikamoo mzee. Ilinibidi kuitikia marahaba nikiwa hivyo hivyo.

Akaja nacho mwenyewe. Kwa saa moja akabana mabomba yote matano huku akipiga mbinja. Nilimshikia taa. Mimi! Nilimshikia taa!

Jioni habari nyingine. Makundi yote mawili yamekutana na kupanga siku na mahali pa mashindano. Wamekubaliana haraka, jambo ambalo watu wanasema halijapata kutokea. Ni Jumamosi tarehe 25, hapa hapa kando ya reli. Makoye alikonyeza jicho aliponiambia. Mama Sikujua naye alikonyeza.

Sina wasiwasi. Mvuke ni mwingi.

Jumamosi, 25 Julai

Niandike kwa utaratibu.

Saa tatu asubuhi niliwasha moto. Saa saba mshale wa kipimo cha mvuke ulisimama kwenye nane. Nane! Mikono yangu ilikumbuka yenyewe kila kishikio. Uwanjani watu kama elfu mbili, Bagika kushoto kwa reli, Bagalu kulia. Bartholomeo ameegemea baiskeli, amevaa koti.

Saa nane Makoye akainua usinga. Nikavuta mnyororo. Honi ililia mpaka ng'ombe wakakata kamba. Watazamaji wote wakakimbilia upande wa Bagika. Makoye akacheza kama aliyefutiwa madeni ya ukoo mzima. Mshale: saba.

Mara Mama Sikujua akawa kwenye ngazi ya injini, debe mkononi. Akaniuliza, baba, hiyo ndiyo honi yetu Bagalu, au imepotea njia? Nikavuta. Watu wakahamia kulia. Mshale: sita. Makoye akaja anahema, ananiita guku, guku, kwa sauti ambayo haikuwa ya heshima. Nikavuta. Watu wakarudi kushoto. Yule mama akapiga debe kwa ngumi. Nikavuta.

Sijui ni mara ngapi. Watu elfu mbili walikuwa wakienda upande huu na upande ule kama maji ndani ya beseni linalobebwa. Walikuwa na furaha ambayo sijapata kuiona katika wilaya hii. Hakuna aliyeniachia nafasi ya kutia kuni.

Saa tisa kamili Mgiriki akafika, kofia nyeupe, anatazama saa yake. Nikafungua mvuke. Nambari 3 ikashusha pumzi kama mzee anayeketi. Haikusogea hata unene wa kidole. Nikatazama mshale. Moja.

Nilitaka kusema nipewe saa moja nichochee. Sikupata kusema. Bagika walinishika mabega, Bagalu miguu, wakaniinua juu, kila upande ukiimba kwamba mzee ni wao. Makoye alikuwa amekwisha nitungia wimbo. Nilizungushwa uwanja mara tatu nikipiga kelele niteremshwe. Wakadhani naitikia kiitikio.

Nikiwa huko juu nilimwona Bartholomeo anavua koti. Anazungumza na Mgiriki. Mgiriki anakubali kwa kichwa, kwa sababu ngoma imemkolea. Bartholomeo anatia kuni, kidogo kidogo, kwa mpangilio, kama ipasavyo.

Saa kumi na robo, juu ya vichwa vya watu, niliona bomba la moshi linasogea. Nilihesabu hatua. Mia mbili na kumi na nne.

Hakupiga honi hata mara moja.

Jumapili, 26 Julai

Pande zote mbili zinadai ushindi, na pande zote mbili zinaniita mwongo. Makoye amepita bila kusalimu. Wimbo wangu ameuongezea ubeti, nami nimeusikia. Ni mzuri, kwa bahati mbaya.

Mama Sikujua alikuja akaketi kizingitini. Aliuliza kama ni kweli nilitaka kurudi kwetu. Nikasema ndiyo. Akasema, baba, ungetuambia hivyo tu, tungekutekea maji. Hata wale wa Makoye wangevuta. Nani angekatalia mtu kwenda kwao?

Nilimtazama kwa huruma. Mama mwema, lakini hajui jinsi mambo yanavyofanyika.

Alhamisi, 30 Julai

Lori limekuja. Bartholomeo alifika kuaga, amevaa koti. Alisema alimwomba Mgiriki atuchukue wawili, Mgiriki akakataa. Naamini alimwomba. Hilo ndilo linaloniudhi.

Akaniuliza bahari ikoje. Nikamweleza. Akaniuliza kama huko kuna baridi. Nikamweleza manyunyu. Akatoa kalamu, akauliza amsalimie nani, aandike jina. Nilianza kufikiri. Mama yangu alikufa kabla ya vita. Dada yangu angekuwa na miaka sabini na mitano. Wenzangu wa kwenye moto sikuwajua ila kwa majina ya utani. Kalamu ilikuwa inangoja. Nikasema asimsalimie mtu.

Nambari 3 ikapita, imefungwa kamba kama ng'ombe wa kuuzwa. Lori lilipokuwa limekwisha pinda ndipo nilipokumbuka Melania, binti wa mtunza stoo kule Muheza. Nikatamka jina lake barabarani, mara moja, kwa sauti. Vumbi likaniingia kooni.

Jumatatu, 3 Agosti

Leo Bwana Zulfikar alikuja kuokota mabati. Chini ya banda lililoanguka tumekuta boila ya winchi ya zamani, ndogo, imara, ya 1908. Nimeigonga kila mahali. Inalia vizuri.

Bwana Zulfikar anahitaji nguvu ya kukamulia mafuta ya karanga dukani kwake. Nimemwahidi boila hii. Mwezi wa kumi lori la nduguye Mohamedali linakwenda Korogwe, karibu na Muheza, nami nimeahidiwa nafasi mbele, karibu na dereva. Mchana nikaenda misheni. Padri anahitaji nguvu ya kupasulia mbao za kanisa jipya. Nimemwahidi boila hii. Naye mwezi wa kumi anakwenda pwani kwa gari lake, na kiti kimoja kitupu.

Nimekaa chini nikajiuliza kwa unyofu nilikosea wapi safari iliyopita. Jibu ni wazi. Kosa lilikuwa honi. Winchi haina honi.

Wote wawili watakuja kuijaribu Jumamosi, saa tisa. Kila mmoja nimemnong'oneza kwamba asimwambie mtu.