Kiti cha Tano

Jumatatu, 5 Agosti 1996
Ukungu umefunika bonde zima. Mnara wa uwanja hauonekani. Ndege yetu mpya, ile tunayoiita ya Pili, imesimama nje ya banda kama ng'ombe aliyesahauliwa malishoni. Ndani haina viti vya abiria, ina mapipa ya maji. Ndiyo yanayoshika nafasi ya abiria mpaka tuhakikishe haiui watu. Mjazaji wa mapipa ni mimi, Gumercindo Pacheco. Miaka kumi na moja! Mapipa yangu yameruka mara mia mbili na zaidi. Mimi sijaruka hata mara moja.

Ijumaa kuna jaribio kubwa. Rubani atainua pua mpaka mbawa zishindwe kubeba, ndege idondoke kama jiwe, kisha aiokoe. Nafasi ni tano. Nne zina wenyewe. Ya tano, ya msomaji wa vipimo, kapewa Jacira Vilhena. Tena! Mke wangu Zulmira kaniuliza kwa nini nalilia kudondoka kama jiwe. Hajui heshima ni nini.

Jumanne, 6 Agosti
Nimepata njia! Jacira huvaa medali ya Bikira wa Aparecida, mlinzi wa nchi yetu, na hufanya ishara ya msalaba kabla ya kugusa swichi yoyote. Mtu wa namna hiyo ukimtisha kidogo tu, atabaki chini mwenyewe.

Kazi yake ni kusikiliza mikanda ya kila safari. Alipokwenda kula, nikaingia chumba cha kurekodia. Mkanda wa safari ya Ijumaa iliyopita, dakika ya arobaini, marubani wote kimya. Nikagonga maikrofoni kwa pete yangu ya ndoa. Ngo, ngo, ngo. Mara tatu. Nikaziweka kwenye mkondo wa sauti wa tisa, ambao waya wake ulikatwa zamani na haufiki popote ndani ya ndege. Nani ataeleza hilo? Akili ni mali!

Mchana nikala maharage sahani mbili.

Jumatano, 7 Agosti
Amesikia. Alinijia na hedifoni mkononi, akanikalisha mbele ya mashine. Nikatengeneza uso wa mtu asiyejua kitu.

"Gumercindo, hebu sikiliza, kisha uniambie ni mara ngapi."

Ngo, ngo, ngo. Nikacheka moyoni. Kisha, ngo.

Nne.

Zangu ni tatu. Nilizihesabu! Na ile ya nne haikufanana na zangu. Ilikuwa karibu zaidi, kama mtu aliyechoka kugonga mlango wa mbali akaja kugonga wa karibu.

Nikasema nimesikia tatu. Akanitazama. Akasema haidhuru, kwa sababu ameshasikiliza mikanda yote ya Julai, na kila pua ya ndege inapoinuliwa kuna kugonga. Mikanda ya Julai sijaigusa! Naapa, mwezi ule hata chumbani sikuingia.

Wala hakuogopa. Alikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa majaribio, Bwana Aristeu. Nikabaki na hedifoni masikioni. Nikasikiliza tena, mara mbili, nipate uhakika. Ngo, ngo, ngo. Ngo. Ndipo nilipoona mashine haina mkanda. Jacira alikuwa ameuchukua.

Nimelala na viatu.

Alhamisi, 8 Agosti
Aristeu kasimamisha kila kitu. Mafundi wamefungua mkia, ndio unaoinua pua, asubuhi. Ndani, kwenye bawaba, bolti moja ina ufa. Rubani mkuu, Nivaldo, kaishika kiganjani kuitazama. Ikakatika vipande viwili kama biskuti. Maji yalisikika yakidondoka kutoka pipa fulani.

"Kesho tungekuwa marehemu, dada," akamwambia Jacira, akamkumbatia.

Nami nimesimama hatua mbili tu, hakuna aliyenikumbatia! Haki iko wapi? Nikaenda ofisini kwa Aristeu nikamweleza kwamba katika zile ngo nne, tatu ni zangu, kwa hiyo robo tatu ya shukrani ni zangu. Akavua miwani. Akaniomba nirudie. Nikarudia, nikamwonyesha na jinsi nilivyogonga, juu ya meza yake.

"Umechezea rekodi za majaribio, bwana we? Rekodi ambazo roho za watu zinazitegemea?"

Nikamwambia tusiangalie upande huo.

Nimeondolewa bandani. Kuanzia sasa kazi yangu ni kufukuza tai kwenye njia ya kurukia ndege kwa fataki.

Jacira alinikuta nikifungasha vikombe vyangu. Nilidhani atanitukana. Akasema taratibu kwamba mkia hauna waya unaokwenda mkondo wa tisa. Ufa ule usingeweza kusikika pale kabisa.

"Sasa nani alikuwa anagonga?"

Nikasema ni mimi, nimeshakiri, mara tatu.

"Hizo tatu siziulizi."

Jumatatu, 12 Agosti
Bolti mpya zimefungwa. Jaribio ni kesho. Agosti ni mwezi wa majonzi, husema watu wetu, lakini Nivaldo hataki kusubiri Septemba.

Mpango mpya: kutangaza kwa redio kwamba tai wamejaa, niahirishe safari mpaka wanirudishe kwa kunihitaji. Haukuhitaji uongo. Tai wako zaidi ya thelathini juu ya uzio, wamepangana, wote wanaitazama ya Pili. Nikarusha fataki. Hakuna aliyegeuza kichwa. Nikarusha ya pili. Nikaingia ndani ya pikapu nikafunga vioo.

Nilipotangaza, mnara ukanijibu: tai waliotulia si hatari.

Jacira akaniletea kahawa. Mkono wa pili umeshika medali yake. Nikamwambia kama anaogopa, kiti nipo tayari kukikalia. Akacheka, mara ya kwanza wiki nzima. Akasema, "Naogopa ndiyo, Gumercindo, lakini mimi ndiye niliyesikia. Akienda mtu mwingine, nani atasikiliza?"

Kwa dakika nzima nilimpenda kama ndugu. Kisha ikapita.

Jumanne, 13 Agosti
Wamepanda watano. Nimewahesabu kutoka kwenye pikapu, kwa wivu, mmoja mmoja.

Juu ya ukungu wa nyasini nimeiona ikinyanyua pua, ikasimama angani, ikaachia. Ikaanguka. Nikajikuta nimeshika usukani wa pikapu na kuuvuta kwa nguvu zangu zote. Ikajikusanya, ikainuka. Machozi yalinitoka. Ukungu huu mbaya.

Imetua salama. Ngazi ikateremshwa. Nivaldo, msaidizi wake, fundi, msawazishaji wa maji ya mapipa angani, Jacira. Wakakumbatiana. Nyuma yao akashuka wa sita.

Ovaroli ya rangi ya chungwa kama zao. Hakumsemesha mtu, wala hakuna aliyemsemesha. Akakata kwenye nyasi, akapita mita tatu kutoka dirisha langu, akaingia kwenye ukungu. Nikashuka kuangalia. Umande wote mzima, hakuna unyayo.

Nimekasirika mpaka nashindwa kula! Miaka kumi na moja nafuata utaratibu, na huyu anaruka bila hata kuandikwa kwenye orodha! Nani kampitisha?

Kesho alfajiri nitamsubiri palepale kwenye nyasi, na chupa ya kahawa na mikate ya jibini ya Zulmira. Nitamwomba kwa adabu anionyeshe alikopitia mpaka akapanda.