Nyuzi za Mwanga na Gari la Daktari

Shira, aliyepewa jina hilo kwa utamu wa maneno yake, alikuwa kwenye benchi la zahanati akijifanya anaumwa tumbo ili apigwe na upepo wa feni. Hapo ndipo aliposikia daktari mwenye zahanati akilalamika. Hospitali ya jirani imenunua vipimo vya nyuzi za kioo, nyembamba kama unywele: uzi unaingizwa mwilini, mwanga unapita ndani yake, na kwa jinsi unavyorudi wanajua presha na joto. Wagonjwa wote wamehamia huko. Tumbo la Shira likapona papo hapo.

Kwake lilikuwa jambo la kufa na kupona. Asubuhi ile mkewe alikuwa amefunga begi na kumwambia kwamba asipokuja na gari aliloahidi tangu harusi, anahamia kwa dada yake. Na daktari alikuwa na gari jeupe nje, analitafutia mteja.

Shira akanyata hadi nyumbani, mkewe akiwa sokoni, akabeba taa ya urembo ya sebuleni, ile yenye kichaka cha nyuzi zinazowaka nchani na kubadilika rangi zenyewe. Akaibandika stika ya moyo, akarudi nayo zahanati. Ndugu msomaji, sayansi imewahi kutukanwa, lakini si kwa kiwango hicho.

"Daktari wangu, hii haichomi mtu," alisema. "Mgonjwa anashika nyuzi tu. Kijani, mzima. Bluu, joto limeshuka. Nyekundu, presha imepanda, alazwe hata kama anacheka."

Daktari, aliyependa sana vitanda vijae, macho yakamtoka. Wakakubaliana kubadilishana mashine kwa gari, ila kwanza ipimwe kwa Shira mwenyewe. Shira hakutishika, alishaukariri mzunguko wa rangi. Akashika nyuzi zikiwa kijani. Bahati mbaya daktari hasomi kipimo bila miwani, na miwani aliitafuta kila droo ilhali imekaa kichwani kwake. Alipoipata, taa ilikuwa nyekundu kama pilipili.

Akalazwa. Angefanyaje? Kukataa kitanda ni kusema mashine ni ya uongo. Mkewe akapigiwa simu, na kwa kuwa alikuwa mlangoni anaondoka, akaja na begi lake mkononi. Akamtazama mumewe, akaitazama taa yake ya sebuleni. Shira akamkonyeza, roho juu, akimwomba Mungu asiropoke.

Hakuropoka. Aliuliza kwa upole mashine hiyo imebadilishwa na nini, akajibiwa.

"Basi daktari, funguo nipe mimi," alisema. "Mwenye presha namna hii ataendeshaje gari?"

"Hata asiguse usukani, shemeji," daktari akakubali, akampa na kadi ya gari.

Akamfunika mumewe shuka hadi kidevuni, akainama sikioni. "Nilikwambia usipokuja na gari nitaenda kwa dada. Hukuja nalo, mume wangu."

Nje injini ikaunguruma, gari likaenda zake. Taa ikageuka bluu. Daktari akaweka miwani sawa, akaagiza mgonjwa aongezewe blanketi.